Mfupa wa Nywele

Katika karakana yetu plastiki nyeupe iliyo ngumu tuliiita mfupa. Ilikuja kama magogo, mengine manene kama paja la mtu, mengine membamba kama mpini wa jembe. Hayakuwa na alama wala maandishi, maana tajiri aliyanunua kwa wauza vyuma chakavu, na wao waliyatoa kwenye viwanda vilivyofungwa. Ukiligonga gogo mezani linalia kavu, ko, ko. Ndiko jina lilikotoka.

Lakini mifupa ilikuwa ya aina mbili, na kwa macho zilifanana kama mapacha.

Wa kwanza tuliuita mfupa wa nywele, kwa sababu ukiuchoma moshi wake unanuka nywele zilizoungua. Huo ndio mgumu hasa. Gia ya mfupa wa nywele inazunguka miaka bila grisi wala kelele. Ukiipiga nyundo, nyundo inaruka. Petroli, dizeli, oili chafu ya gari, vyote vinapita juu yake na haviifanyi kitu. Kasoro yake moja ni kwamba inakunywa maji na kuvimba, kwa hiyo bushi ya pampu lazima uiache ilegee kidogo, la sivyo itaikaba shafti. Kasoro nyingine ni tindikali. Hapo haina ujanja. Inalainika, inaingia nyufa nyembamba kama za sahani ya udongo, mwisho inalika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Wa pili ni mfupa wa mshumaa. Huo ukiuchoma unanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hauna nguvu za mwenzake. Ukiufanya gia, meno yanaisha upesi, na joto kali linaulegeza. Lakini umwagie tindikali, umwagie soda kali, umwagie dawa yoyote ya kiwandani, utakutazama tu.

Kwa hiyo kabla ya kukereza kitu chochote, swali lilikuwa moja: huu ni upi? Na mtu wa kujibu alikuwa mmoja. Tulimwita Pua.

Pua ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu mkubwa, na yeye ndiye aliyeniingiza karakana na kuniweka kwenye mashine ya kutoboa, ninakofanya kazi mpaka leo. Jina hilo hakulipata kazini, alilipata nyumbani kwetu. Siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha, amekaa sebuleni na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, mara akamwambia mama, "Samahani, mama, jikoni kuna kitu kinaanza kushika chini." Mama alikwenda akakuta sufuria ndiyo kwanza inaanza kuungua. Alirudi akacheka, akamwambia dada, "Huyu ana pua huyu. Ukiolewa naye hutaficha kitu." Na kweli dada hakuficha. Pua akirudi kutoka kazini anajua jirani gani alikuja, alikaa wapi, alijipaka nini. Binti yao akitoka kucheza alikuwa ananuswa kichwani na kuambiwa, "Ulikuwa kwenye mtaro tena, wewe."

Pale karakana alifanya hivi. Alikata randa dogo, ganda jembamba la plastiki, kwenye gogo, akalishika kwa koleo, akaliwasha kiberiti, akalipuliza likazimika. Halafu alifumba macho na kuvuta pumzi, mara moja tu. Sisi wote tulinyamaza, hata Welda, mchomea vyuma wetu, alizima moto wake. Pua akifumbua macho anasema "nywele" au "mshumaa", na sisi tunaitikia kwa pamoja, "Imepita!" Tajiri naye akiwa ofisini anaitikia kupitia dirishani. Ikishapita, imepita. Hakuna aliyekagua tena, si kwetu wala kwa wateja. Wenye viwanda walikuwa wanauliza neno moja tu: imepita kwa Pua?

Kule kufumba macho ndiko kulikokuja kuleta matatizo. Mtu mwingine angetazama moto, maana kila plastiki ina moto wake: moja inadondosha matone, nyingine inavuta nyuzi ukiigusa na kijiti. Pua hakuwahi kuutazama. Angeutazama wa nini, na jibu analo puani?

Dada aliugua muda mrefu akafariki. Wiki chache baada ya kumzika, Pua alifungua sanduku la nguo zake. Alichukua gauni la juu akalibana usoni, akavuta pumzi. Akachukua jingine. Kisha akatoka nje na hasira, akamkuta binti yake anafua.

"Nani amefua nguo za mama yako?"

"Hakuna aliyezifua, baba."

"Usinidanganye. Zimefuliwa."

Binti alikwenda chumbani akainama juu ya sanduku, akainuka machozi yanamtoka. "Baba, mbona bado zinanuka yeye?"

Pua aliingia akafunga sanduku. Jioni hiyo alinusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, akanusa kwapa lake mwenyewe. Hakuna. Labda ni moshi wa miaka yote ile, labda ni mafua makali aliyoyapata wakati wa kumuuguza dada. Haya yote alinieleza baadaye, wakati kuficha hakukuwa tena na maana.

Na alikuwa na sababu ya kuficha. Mkono wake ulishakuwa mzito, macho yalishaanza ukungu, na kukereza siku hizi hata vijana wanajua. Kilichomweka pale ilikuwa pua. Tajiri mwenyewe alikuwa akisema mbele ya wateja, huku anamshika bega, "Mashine naweza kununua nyingine. Hii pua nitainunua wapi?" Watu walikuwa wanacheka. Pua naye alikuwa anacheka, sasa najua jinsi alivyokuwa anacheka.

Akatafuta njia. Mzee mmoja muuza chakavu aliwahi kumwambia kwamba mfupa wa mshumaa unaelea majini, wa nywele unazama. Ni kweli, hata mimi nimejaribu. Pua akaweka kikombe cha bati dirishani nyuma ya mashine yake, kina maji, ungedhani ni ya kunywa. Akitakiwa kunusa, anakata maranda mawili. Moja analidondosha kikombeni akijifanya anajikung'uta mkono, la pili analichoma mbele yetu, anafumba macho kama zamani, anavuta pumzi. Akifumbua anatupa jicho dirishani ndipo anatamka. Sisi tunaitikia, "Imepita!" Na ilikuwa inapita sawasawa. Muda mrefu hakukosea hata mara moja.

Kuna kitu kimoja tu tulikiona, na hatukukipa uzito. Welda alikuwa na mchezo wake wa asubuhi. Alimpumulia Pua usoni na kumuuliza, "Haya, shehe wa harufu, jana nimekula nini?" Na Pua alikuwa anamtajia mpaka kiungo. Sasa akawa anamsukuma. "Toka hapa. Umekula usingizi, na hukushiba."

"Ah, Pua amezeeka! Pua imeingia kutu!"

"Kutu ni kwa vyuma vyako. Mimi ni mfupa."

Tulicheka, tukarudi kazini.

Ng'ambo ya reli kuna kiwanda cha misumari. Waya kabla haujawa msumari lazima utolewe kutu, na unatolewa kwa kuchovywa kwenye tangi la tindikali ya uvuguvugu. Pale kwenye matangi ndipo alipofanya kazi mume wa binti yake Pua, kijana mrefu, mcheshi, asiyejua kutembea polepole. Pua alimpenda. Hakuwa na mtoto wa kiume, na huyu alimwita baba tangu siku ya kwanza, hakumwita mkwe.

Siku moja mchana kijana huyo aliingia karakana mbio mbio, ameshika kizibo cha chini cha tangi kilichopasuka. Kizibo hicho ndicho kinachofunguliwa wanapomwaga tindikali iliyochoka. Kina urefu wa kiganja, kina hesi, ile mikato ya skrubu, ubavuni, kina kichwa cha kukamatia spana.

"Baba, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Msimamizi anataka kingine leo hii hii, tangi limekaa tupu, ananiangalia kama nimekipasua mimi."

"Marahaba," Pua alisema. "Na hukukipasua?"

"Nimekipasua, lakini yeye hajui!"

Wakacheka wote wawili. Pua alipekua magogo akapata moja linaloenea. Mashine yake ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kukereza chuma, imelowa mafuta. Alifunga gogo, akapitisha kisu juu juu, likatoka randa jembamba linalojikunja kama unywele wa mtoto. Akakata la pili. Moja likaingia kikombeni. Jingine akalichoma, akafumba macho.

Tulinyamaza. Akafumbua. Akatazama dirishani.

"Mshumaa."

"Imepita!" tulisema, na mkwe alisema kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Alikereza vizuri, hesi safi isiyokwaruza, mpaka Welda alisogea kuangalia. Mkwe alikipokea bado kina joto la mashine, akakirusha juu na kukidaka, akaondoka vile alivyokuja.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Pua amesimama dirishani, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwamkia. Nikasogea. Kikombeni kulikuwa na maji na randa jeupe. Lilikuwa limelala chini kabisa.

"Shemeji, vipi?"

Alikwenda kwenye lile gogo, akakata kipande kinene kama kidole gumba, akakifuta mafuta kwa shati lake, akakidondosha. Kilikwenda chini kama jiwe, kikagonga bati.

"Jana lilielea," alisema. "Jembamba mno. Lina mafuta. Lilikaa juu ya maji kama jani." Kisha akaniangalia. "Kile kizibo ni nywele."

Sikuelewa haraka. Nilimuuliza swali la kijinga: "Si ulinusa?"

"Twende," alisema. "Njiani nitakwambia."

Nilitoa baiskeli yangu, akapanda nyuma. Niliendesha kwa nguvu zangu zote, na yeye nyuma ya mgongo wangu ananiambia yote, la sanduku, la kitunguu, la kikombe, kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma. Huku anapiga simu ya mkwe. Inaita, haipokelewi. Nilikanyaga tu.

Pale getini tukaikuta simu inaita juu ya meza ya mlinzi. Wafanyakazi wa matangi huziacha pale.

"Ni wewe unayesumbua?" mlinzi alisema, kisha akamtambua. "Aa, Pua! Pita, mzee. Kuna harufu gani leo?"

Pua alishapita.

Chumba cha matangi kina paa refu na madirisha yasiyo na vioo, lakini ukiingia unahisi kama mtu amekutia vidole machoni. Mvuke wa tindikali ulikuwa umetanda. Wafanyakazi wote wamejifunga vitambaa puani. Mimi nilijiziba kwa mkono wa shati na machozi yakanitoka. Pua aliingia uso wazi, kifua mbele, hakuziba wala kukunja pua. Ningekuwa na akili ningewaambia, mtazameni tu, mtaona. Lakini nani angenisikia?

Tangi la pili, lenye kile kizibo, lilikuwa limejaa toka jana jioni, waya umo ndani. Msimamizi, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alikuja kutulaki kwa furaha.

"Mzee mwenyewe! Kizibo chako safi. Hakitoi hata tone."

"Kitoe," Pua alisema. "Mwaga tangi. Watoe watu hapa."

"Kwa nini?"

"Si mfupa wake. Nimekosea. Huu tindikali inaula."

Msimamizi alimwangalia, akawaangalia watu wake. "Si kimepita?"

"Kilipita kwa makosa."

"Pua amekosea!" mmoja alisema nyuma ya kitambaa. Wengine wakaanza kucheka. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Miaka yote waliambiwa kwamba mtu huyu hakosei.

Pua alitoa mfukoni kile kipande kinene. "Hiki hapa, cha gogo lile lile. Kinazama majini. Choma, nusa mwenyewe."

Msimamizi alikichoma kweli, akashusha kitambaa, akanusa. Lakini mahali pale hata mwenye pua nzima hasikii ila tindikali. Alikunja uso, akamsogezea Pua moshi. "Mimi nitajua nini? Mwenye kazi ni wewe. Nusa utuambie."

Basi ndipo aliposema. Aliwageukia wote, akapandisha sauti, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Sisikii harufu. Pua yangu imekufa. Imekufa siku nyingi. Nilikuwa nawadanganya."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alijishika mbavu. "Pua hana pua!" "Na mimi msimamizi wenu sina tumbo!" Mwingine aliitikia kwa ile sauti ya karakana yetu, maana ilishafika mpaka huko: "Imepita!" Na wote wakarudia, "Imepita! Imepita!"

Mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya tangi na ndoano yake ya kuvulia waya. Nilimwona anavyoona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya baba mkwe wake kufanywa kichekesho mbele ya wenzake. Akaweka ndoano chini, akachukua spana.

"Baba, tulia. Nakikagua mwenyewe, roho yako itulie. Kama kimelegea tunakikaza, kama kibovu tunamwaga."

"Usikiguse!"

"Naangalia tu, baba."

"Mwanangu, usikiguse!"

Alikuwa ameshainama. Sidhani hata alikaza. Aliweka spana tu kichwani, na kichwa kilitoka chote, laini, kama unavyokata kipande cha sabuni. Tindikali ilimjia miguuni kama bomba la mtaani lililopasuka. Alivaa gambuti ndefu. Ikaingia kwa juu, ikajaa ndani yake, ikakaa humo.

Kicheko kilikatika. Pua alikuwa wa kwanza kumfikia, akamkumbatia kwapani na kumvuta, mimi nikavuta mpira wa maji, wengine wakahangaika na gambuti zisizotoka, mpaka mtu akaleta kisu. Yaliyotoka pamoja na gambuti ya kushoto sitayaandika.

Alilazwa muda mrefu. Mguu wa kulia ulipona na makovu. Wa kushoto, kuanzia kifundo kushuka chini, uligoma kupona. Mwishowe walimruhusu kurudi nyumbani, na muuguzi akasema maneno haya, nilikuwepo: kidonda kioshwe kila siku, na siku kikianza kutoa harufu mbaya mleteni siku hiyo hiyo, msingoje kesho, maana uozo ukipanda juu ya goti hatutaweza kitu.

Binti alimwambia baba yake mambo mafupi tu. Nilikuwa mlangoni nikamsubiri amalize, nami sina pa kuangalia.

"Ulijua hunusi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya sanduku."

Binti alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Yeye anashona kwenye kiwanda cha nguo, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Pua hakuwa na kazi tena. Hakufukuzwa. Hakurudi tu, na tajiri hakumtumia mtu wa kumuuliza.

"Basi mchana utamwosha wewe," binti alisema. "Mimi nikirudi namwangalia."

Pua alimwosha. Nimemwona mara nyingi. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi, akapiga magoti kando ya kitanda na kitambaa safi, mikono yake ile mizito ikawa myepesi. Majirani waliokuja kutoa pole walikaa karibu na mlango, wakaaga mapema. Yeye hakuwa na haraka. Alimsimulia kijana vituko vya karakana, jinsi Welda alivyowahi kujichomea suruali akiwa ameivaa, na kijana alicheka kichwa kikiwa kimegeukia ukutani.

Na kila siku, mwisho wa kuosha, kijana aliuliza, "Inanuka, baba?"

Na Pua alijibu, "Hainuki, mwanangu."

Mwanzoni nilidhani ni mchezo wao. Wote wawili walijua ukweli wa pua ile. Kwa kuwa binti alikuwa ananusa kila jioni, sikuona ubaya.

Jumamosi moja karakana ilifungwa mapema, nikapitia kwao mchana na machungwa. Nilikuwa bado nje, sijabisha hodi, harufu ilipokuja. Nilisimama na mkono wangu hewani. Nilitamani iwe ni mtaro. Nikasukuma mlango.

Pua alikuwa amepiga magoti palepale, bandeji imefunguliwa, anaosha kwa utaratibu wake, anasimulia habari fulani ya zamani. Kijana alikuwa ameukazia mlango macho kabla sijaingia, kama mtu aliyekuwa anangojea nani atatokea. Jasho limemtiririka. Yeye ana pua nzima. Alikuwa anajua tangu asubuhi, labda tangu usiku. Alinitazama juu ya bega la Pua, akatikisa kichwa kidogo sana, huku na huku. Aliogopa kisu cha daktari. Alikuwa ananiomba.

"Inanuka, baba?" aliuliza, macho yake yako kwangu.

"Hainuki, mwanangu. Karibu, shemeji, mbona umesimama? Vuta kigoda."

Machungwa yalikuwa mazito mkononi. Mimi si mtu wa maneno, hata harusini kwangu alinisemea Pua.

"Shemeji," nilisema. "Inanuka."

Kijana alifumba macho. Pua aliweka kitambaa ndani ya beseni, akainama juu ya mguu ule mpaka karibu aguse, akafumba macho vilevile alivyokuwa anafumba karakana, akavuta pumzi. Mara moja. Halafu ya pili. Halafu ya tatu, kwa nguvu, mabega yakapanda.

Alipoinua kichwa hakumtazama mkwe wake. Alinitazama mimi.

"Kama nini?" aliuliza. "Shemeji, inanuka kama nini?"

Niliweka machungwa chini nikatoka kutafuta gari.